UZI: Daftari la misimu – kupima mvua, kusoma upepo na kuandika dalili za viumbe (pwani na bara)

Kipimamvua_Tga

Wakuu salaam.

Kila Machi ikiingia maswali ni yaleyale. Mvua ya juzi ndiyo masika yenyewe au imekuja kutudanganya? Kaskazi imeshakatika? Mbona embe mwaka jana zilitangulia? Majibu tunayopeana ni ya kichwani, na kumbukumbu ya mvua ni kama kumbukumbu ya deni, kila mtu ana yake. Uzi huu ni wa kuandika: unapima nini, saa ngapi, kwa kifaa gani, na watu hukosea wapi. Naanza na mvua kwa sababu ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote. Wa upepo, wa bahari, wa ndege na miti mjazie. Wa bara nao karibuni, msimu wenu si wetu.

Ndoo uwanjani si kipimo. Imepanuka juu, imebana chini, maji yanaruka, jua likitoka yanakauka kabla hujayaona. Tengeneza hivi:

Chukua bomba la PVC la maji taka la milimita 110, kata sentimita 50. Mdomo wa juu ukate sawa kabisa, usiende mshazari, kwa msumeno wa chuma, kisha usugue kwa msasa mpaka ukingo uwe mwembamba na sawa. Ndani, sentimita 12 kutoka juu, bandika faneli ya plastiki kwa silikoni pande zote. Hizo sentimita 12 za ukuta juu ya faneli msizibane: tone la mvua kubwa likigonga faneli huruka, na ukuta ukiwa mfupi linarukia nje. Chini ya faneli inakaa chupa ya maji ya lita 1.5, mrija wa faneli umeingia shingoni mwake. Bomba lishikwe kwenye nguzo kwa klipu mbili, na chini yake kiwepo kibao cha kuegemeza chupa. Ukichomoa kibao chupa inashuka mkononi. Mdomo uwe kama mita 1 kutoka ardhini, na uhakikishe kwa pimamaji kwamba umelala sawa.

Hesabu sasa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Pima kipenyo cha NDANI kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, halafu zidisha kwa 0.0785. Unapata mililita zinazolingana na milimita moja ya mvua. Bomba langu ndani ni sentimita 10.4, kwa hiyo 10.4 × 10.4 × 0.0785 = 8.5. Maji ya chupa unayavuta kwa bomba la sindano la ml 20 (duka la dawa, bila sindano yenyewe). Ukipata ml 119, gawa kwa 8.5: milimita 14. Ukipata faneli yenye mdomo wa sentimita 11.3 kamili umeponea hesabu, maana hapo kila ml 10 ni milimita 1.

Kabla ya kukiamini kifaa, mimina polepole ml 85 juu ya faneli. Ukivuta kutoka kwenye chupa ukapata 83 au 84, ni sawa, kiasi kidogo hubaki kimelowanisha kuta. Ukipata 70, silikoni inavuja.

Pa kukiweka: mbali na kizuizi chochote kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 8, kaa mita 16. Uwanja mdogo? Chagua upande usiokingwa na upepo wa mvua, na uandike ukurasa wa kwanza kwamba kuna ukuta mita ngapi upande gani. Usipande nacho juu ya paa: upepo wa juu hupeperusha matone yapite mdomo, utapata pungufu.

Kusoma ni saa 3 asubuhi, kila siku, ndiyo saa ya vituo vyetu. Siku kavu andika 0. Siku ambayo hukusoma andika mstari, usiandike 0. Ukikuta uloevu tu usiopimika, andika "matone". Ukisafiri siku mbili, jumla uliyoikuta ifungie mabano na uandike ni ya siku ngapi. Maji uliyoyasoma tarehe 15 mengi yalinyesha tarehe 14, basi amua mapema unaandika mstari wa siku ya kusoma au ya nyuma yake, na usibadili katikati ya mwaka.

Fundi_Bati

Nyongeza ndogo. Adui wa kifaa hiki ni nyigu wa udongo. Anaziba mrija wa faneli ndani ya siku mbili za jua, mvua ikija maji yanasimama juu na kukauka, asubuhi unaandika 3 wakati jirani ana 20. Buibui naye. Kila Jumamosi pitisha kijiti. Na chupa imwage kila siku hata kama ni tone, la sivyo umefuga mbu.

shambani_kwetu

Mkuu kazi nzuri. Ila kwa nini nisitumie simu tu? Programu inanipa mvua ya kila saa.

Kipimamvua_Tga

Simu haipimi mvua ya kwako, inatoa makadirio ya eneo zima lenye upana wa kilomita kadhaa. Mvua za vuli na za mwanzo wa masika hapa pwani huja kwa wingu mojamoja: Chumbageni wanalowa, Raskazone vumbi. Simu itumie kuangalia kesho. Ya jana, kiulize kipimo chako.

Nahodha_Pemba

Assalaam alaykum. Mie nizungumzie upepo na maji.

Upepo hupewa jina la unakotoka. Kaskazi hutoka kaskazini na kaskazini mashariki, huingia Desemba na kushika mpaka Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, huanza Aprili, hukaza Juni mpaka Agosti, halafu hulegea kuelekea Oktoba, na huko kulegea ndiko wazee wakikuita demani. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, wengine huita tanga mbili, pepo hazina msimamo, leo huku kesho kule. Masika huangukia maleleji ya kwanza na vuli maleleji ya pili. Si bahati nasibu: ule ukanda wa mawingu unaofuata jua ndio unaopita juu yetu, ukienda kaskazini na ukirudi kusini.

Kosa kubwa la wanaoandika upepo ni saa. Ukitazama saa 9 alasiri pwani, karibu kila siku utaona upepo unatoka baharini, uandike "mashariki" mwaka mzima na daftari lako halitakwambia kitu. Huo ni upepo wa mchana: nchi kavu imepata moto, hewa ya bahari inavutwa. Alfajiri nako kuna umande, upepo mwembamba wa kutoka bara, nao si msimu. Pepo za msimu zisome baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, umande ushakufa na upepo wa bahari haujashika sawasawa, kisha tazama pia mawingu ya chini yanakwenda wapi. Mawingu hayo ndiyo shahidi wa kweli. Upepo wa ardhini ukisema mashariki na mawingu yakitoka kusini, andika vyote viwili.

Chombo ni utepe wa kitambaa chepesi, urefu wa mkono, juu ya mti wa mita 3 au zaidi, mbali na nyumba. Kukadiria nguvu ya upepo hakuhitaji kifaa:
majani yanachakarisha, uso unahisi upepo: km 6–11 kwa saa;
vijitawi vinatikisika, vumbi na karatasi vinainuka: km 20–28, na baharini povu jeupe limetapakaa;
miti mizima inayumba na kutembea kuelekea upepo kunakuwa kazi: km 50–61. Hapo chombo kidogo kishakuwa ufukweni zamani.
Mnazi usiutumie kukadiria, makuti hupiga kelele kwa upepo mdogo tu.

Maji: bamvua (maji makubwa, yanayojaa sana na kukupwa sana) huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hasa siku moja au mbili baada yake. Maji mafu (yanayojaa na kukupwa kidogo) ni robo za mwezi. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwetu Pemba na Unguja na mrima wote huu, siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kwa hivyo nyie wa mjini, mvua kubwa ya masika ikianguka saa 9 alasiri siku ya bamvua, mitaro haina pa kumwaga. Andikeni umri wa mwezi pembeni ya mvua, mtaona mafuriko yenu yanajipanga.

Bamvua kubwa za mwaka huwa karibu na Machi na Septemba. Hizo ndizo za kwenda kutazama mwamba.

Kilindini_001

Shukran nahodha. Sisi Mombasa wazee huziita mvua za masika "mvua za mwaka", msishangae mkisikia. Na mvua za rasharasha za Julai na Agosti, zile za asubuhi zinazokuja na kusi halafu jua linatoka, huitwa mchoo. Hizi msizipuuze, ziandikeni. Milimita 2 hapa, 4 pale, ndizo zinazoshikilia mihogo na mboga mpaka vuli.

MwlJiografia_Dom

Nawasilisha ya bara. Dodoma, Singida na sehemu kubwa ya kusini na magharibi ya nchi hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Anayesoma uzi huu akiwa Manyoni asipande kwa kalenda ya Tanga.

Kwetu swali zito ni: mvua ya kwanza ni mvua ya kupandia? Kigezo ambacho wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo hukitumia sana ni hiki: zikusanyike angalau milimita 20 ndani ya siku tatu au pungufu, na katika siku 30 zinazofuata kusiwe na kipindi cha ukavu cha zaidi ya siku 10 mfululizo. Siku ya mvua hesabu iliyofika milimita 1.

Tatizo lake mnaliona: sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda. Ndiyo maana kigezo hiki ni cha daftari. Mwisho wa msimu unarudi nyuma, unatafuta tarehe iliyotimiza masharti, unaizungushia duara nyekundu. Fanya hivyo miaka mitano, utajua mvua za kudanganya kwako huja lini, na kati ya hiyo milimita 20 ya kwanza na mwanzo wa kweli hupita siku ngapi.

Siku ya kupanda yenyewe tumia jembe. Chimba mahali patatu, si chini ya mti wala karibu na nyumba. Udongo uwe na unyevu bila kukatika mpaka sentimita 15 au zaidi. Finyanga konzi: ukibaki donge bila kutoa maji, panda. Ukikuta sentimita 6 za tope na chini vumbi, mbegu itaota na kufia hapo. Mfinyanzi mzito unadanganya zaidi kuliko kichanga, maana juu unateleza na chini haujaonja kitu.

Na Februari. Katikati ya msimu wetu mvua hukatika siku kadhaa, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kipindi hicho kiandikeni kwa urefu wake: siku ngapi bila milimita 1. Jumla ya mwaka inaweza kuwa nzuri na mavuno yakawa mabaya kwa sababu ya siku hizo 12 tu.

shambani_kwetu

Mwalimu hapo umenigusa. Na wakisema kwenye utabiri "wastani hadi juu ya wastani", hiyo ni kiasi gani kwa kipimo changu?

MwlJiografia_Dom

Chukua mvua za msimu mmoja kwa miaka 30 ya kituo kilicho jirani, zipange kutoka ndogo mpaka kubwa. Kumi za chini ni "chini ya wastani", kumi za kati ni "wastani", kumi za juu ni "juu ya wastani". Wakikupa uwezekano wa asilimia 45 wa juu ya wastani, maana yake nafasi ya kuangukia lile kundi la juu imepanda kutoka theluthi hadi 45. Haimaanishi mvua itaongezeka kwa asilimia 45, na haijasema lolote kuhusu mtawanyiko. Nafasi 55 bado ziko kwingine.

Kwa watu wa vuli, utabiri wa msimu wenu una mguu mmoja imara: Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hunenepa. Ilikuwa hivyo 1997, El Niño ikiwa juu yake, na 2019. Masika hayashikiki kirahisi hivyo.

Dudumizi

Mmesahau wataalamu wenyewe. Dudumizi (tipitipi kwa wengine) akilia asubuhi ule mlio wake wa maji yanayomiminika kwenye chupa, mvua ipo. Wazee hawakukosea. Kumbikumbi wakitoka, masika yameanza. Mbuyu ukichipua, mvua iko njiani. Huhitaji PVC.

Kipimamvua_Tga

Mkuu, jina lako linakuponza, una maslahi 😀. Lakini dalili hizo zinaandikika vizuri tu, tena zinastahili kupimwa kama mvua.

Chora kisanduku chenye vyumba vinne: (1) amelia, mvua ikanyesha ndani ya saa 24, (2) amelia, haikunyesha, (3) hakulia, ikanyesha, (4) hakulia, haikunyesha. Kila asubuhi weka alama moja. Watu wote hukumbuka chumba cha kwanza tu. Tuseme Aprili mvua ilinyesha siku 20 kati ya 30. Hapo hata jogoo akiwika anakuwa mtabiri, atapatia mara mbili katika kila tatu. Mtihani wa kweli wa dudumizi ni Januari na Septemba, mvua zikiwa chache. Akipatia hapo, namvulia kofia.

Kumbikumbi ni jambo jingine. Hao hutoka BAADA ya mvua kulowanisha ardhi, hawatangulii. Faida yao ni kwamba wanathibitisha maji yamefika chini. Andika tarehe, saa (kuna wanaotoka magharibi na wanaotoka asubuhi, ni aina tofauti), na milimita za siku tatu za nyuma. Ukiwa na miaka michache utajua kichuguu chako hufunguka kwa milimita ngapi.

Miti_na_Ndege

Mbuyu niachieni mimi.

Mbuyu ni kweli huchipua kabla ya mvua, lakini haunusi mawingu. Unatumia maji uliyoyaweka kwenye shina kutoa majani, na mvua zikija huwa tayari. Mwaka ambao mvua inachelewa, utachipua tu na kusubiri juani kama sisi. Kwa hiyo tarehe ya kuchipua ni rekodi nzuri ya mti, siyo utabiri.

Namna ya kurekodi miti: chagua mitatu ya aina moja, uiwekee namba kwa rangi, na utazame hiyohiyo kila wiki siku moja. Usiandike "imechanua". Andika hatua: 0 hakuna kitu, 1 macho yamevimba, 2 ua la kwanza limefunguka, 3 karibu nusu ya matawi yana maua, 4 maua yanapukutika, 5 tunda linaonekana. Tarehe ya hatua ya 2 na ya 3 ndizo za kulinganisha mwaka kwa mwaka. Mkorosho wa kusini huchanua kati ya Julai na Septemba, mvua ya wakati usio wake ikipiga hapo maua yanaungua kwa ugonjwa wa ukungu, kwa hiyo mtu wa Mtwara aweke safu ya mvua na safu ya maua pamoja. Mkrismasi huwaka mwekundu Novemba na Desemba. Msufi hupasua maganda yake mwisho wa ukavu, siku hizo mtaa mzima una pamba.

Ua la mbuyu nendeni mkalitazame wenyewe jioni moja ya Oktoba mpaka Desemba. Tumba ni kama yai la kijani linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu. Jua likizama linapasuka, petali tano nyeupe zinajikunja nyuma, na katikati inabaki brashi ya nyuzi nyingi nyeupe. Popo hufika usiku. Asubuhi petali zina madoa ya kahawia, harufu imegeuka, na kabla ya siku nyingine kuisha limeanguka chini. Ukihesabu maua chini ya mti asubuhi, umehesabu ya usiku wa jana karibu yote.

Ndege wahamaji: anzeni na mbayuwayu wa Ulaya. Hufika Septemba na Oktoba, huondoka Machi na Aprili. Msimchanganye na wa hapa anayeishi madarajani. Mgeni ana koo na paji la rangi ya udongo mwekundu, chini ya koo mkanda wa bluu iliyokolea. Yule wa darajani mwenye mkia wa nyuzi mbili ana kofia ya udongo lakini koo jeupe kabisa. Tarehe ya kufika ni rahisi. Ya kuondoka ni ngumu kwa sababu hakuna anayeaga: andika kila siku uliyowaona kuanzia Machi 1, ya mwisho kwenye orodha ndiyo yenyewe. Kwenye matope ya pwani fanya hivyohivyo kwa vitwitwi, ila wapo wachanga wanaobaki mwaka mzima bila kurudi kwao, kwa hiyo hesabu idadi, usiandike "wapo" tu.

JotoLaDar

Swali: kipimajoto changu kinasoma 38 Februari, redio inasema 32. Nani muongo?

Fundi_Bati

Ukuta wako. Umekitundika kwenye ukuta au chini ya bati. Joto la hewa hupimwa kivulini, mita 1.5 hivi kutoka ardhini, juu ya majani au udongo, hewa ikipita pande zote. Tengeneza kibanda: sahani nane nyeupe za plastiki, toboa matundu matatu kila moja, zipitishe kwenye misumari mirefu ya skrubu zikiwa kifudifudi, nafasi ya sentimita 2 kati ya moja na nyingine. Zile za kati zikate duara la katikati ili kipimajoto kikae ndani, mbili za juu zibaki nzima. Kipimajoto kinachotunza joto la juu na la chini kabisa la siku kisome na kukirudisha mwanzo saa 3 asubuhi, pamoja na mvua. Kipupwe cha Julai na Agosti utaona cha chini kinashuka mpaka 18 au 19 hapo Dar, na ukiwa mbali na bahari kidogo kinashuka zaidi.

Hekto

Wenye simu zenye kipimo cha mgandamizo wa hewa, nina onyo. Watu hutazama saa 10 jioni, wanaona imeshuka hektopaskali 3 tangu asubuhi, wanaanza kutangaza tufani. Ukanda wetu wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti ya 3 au 4 ni kawaida kabisa. Linganisha saa ileile ya jana. Ikiwa saa 4 asubuhi ya leo iko chini ya saa 4 ya jana kwa 4 au zaidi, na upepo umegeuka, hapo fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa makini.

Vimbunga havitufikii mara nyingi kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovisokota ni ndogo. Lakini si hadithi: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Hidaya ilifika upande wa Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Tazama tarehe hizo, zote ni maleleji.

Kilindini_001

Kuna kipimo kisichohitaji hata shilingi. Fimbo wima, mita 1, iwekwe sawa kwa timazi. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya kichwa na kivuli kinamezwa na fimbo. Mombasa ni karibu Machi 10 na Oktoba 3. Tanga Machi 7 au 8 na Oktoba 6. Dar Machi 3 na Oktoba 10. Msitazame saa 6 kamili, mtapitwa: Tanga, Machi jua hufika juu karibu saa 6 na dakika 35, Oktoba karibu saa 6 na dakika 12. Mvua kubwa hufuata nyuma ya tarehe hizi kwa wiki kadhaa, ardhi na bahari zikishapata moto.

Nahodha_Pemba

Na usiku mtazame Kilimia, lile kundi dogo la nyota. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwisho wa Aprili kinazama magharibi jioni, mvua zinanyesha. Kinapotea katika mwanga wa jua, halafu Juni katikati kinazuka mashariki alfajiri, kusi kavu kimeshashika. Kwa wingu la masika huenda usikione kikizama, basi andika jioni ya mwisho uliyokiona na alfajiri ya kwanza.

Mzalendo_Salalah

Salaam kutoka Salalah, Oman. Kusi mnayoiandika Pemba Juni ndiyo inayovuka ikweta, ikapinda, ikatufikia huku kutoka kusini magharibi. Tunaiita Kharif, mwisho wa Juni mpaka Septemba, ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar wakati Muscat wanaungua. Kwa anayepima huku: kipimo cha PVC kinasoma kidogo mno, kwa sababu maji mengi ni ukungu unaonaswa na majani ya miti na kudondoka. Weka vipimo viwili, kimoja uwanjani na kimoja chini ya mti. Hapa ndipo pekee ninapojua ambapo cha chini ya mti kinaweza kushinda cha uwanjani.

shambani_kwetu

Wakuu nimeshakata bomba, ndani ni 10.5. Kwa hiyo 8.65. Swali la mwisho: daftari gani, na miaka mingapi ndipo niseme "wastani wa kwangu"?

Kipimamvua_Tga

10.5 × 10.5 × 0.0785 = 8.65, uko sahihi.

Wastani rasmi ni wa miaka 30, sasa hivi unaotumika ni 1991–2020, na huo utauchukua kwenye kituo cha karibu. Wewe kabla ya hapo usiseme wastani, sema "katika miaka yangu minne masika yalianza kati ya tarehe fulani na fulani".

Daftari la jalada gumu, ukurasa mmoja kwa wiki, safu saba: mvua, joto la juu, la chini, upepo wa ardhini, mawingu yanatoka wapi, umri wa mwezi, viumbe. Safu ya viumbe iache pana kuliko zote. Na tumia penseli. Kalamu ya wino utaijutia asubuhi ya kwanza ya masika, umesimama uwanjani na sindano mkono mmoja, manyunyu yanadondokea ukurasa.